Mmea Mrefu wa Daforoza

Nimerudisha pikipiki, buti na mihuri miwili ya ofisi. Lupe, ile lenzi ya kukuzia vitu vidogo, sikuirudisha, kwanza kwa sababu haikuwa ya serikali, pili kwa sababu hakuna aliyeiulizia. Ninyi vijana mlionipokea kazi mliniomba niwaandikie niliyoyaona katika miaka yangu ya ubwana shamba hapa Rusizi. Nadhani mlitaka mambo ya mbolea. Mambo ya mbolea yamo vitabuni, na vitabu vinayaeleza vizuri kuliko mimi. Nitawaandikia habari za mmea mmoja nilioutazama miezi mitatu mizima bila kuuona.

Nilianza kazi mwaka uliofuata vita, wakati mkoa bado unaitwa Cyangugu. Ofisi ya kilimo haikuwa na mlango wala kiti. Faili zote zilikuwa zimechomwa, watu wamepikia. Wakati ule nilisikitika, lakini baadaye nilipoanza kuandika faili za namna ile mimi mwenyewe, nikaona waliopikia hawakukosea sana. Ndani nilimkuta mtu mmoja tu, Mzee Gaspari, mtunza kitalu wa miaka mingi, amekaa sakafuni na gunia la maharage ya msaada mbele yake. Hakuniuliza jina. Alinisukumia gunia la pili.

"Kaa chini. Toa majiwe."

Nilitoa majiwe siku tatu. Diploma yangu ilikuwa mfukoni muda wote, na ilitoka jasho kama mimi.

Gaspari alikuwa na vyombo viwili alivyovificha vita nzima ndani ya mzinga wa nyuki. Kimoja kilikuwa lupe ya shaba iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Kingine kilikuwa mbao mbili na mipira ya baiskeli, za kubania mimea kati ya magazeti hadi ikauke. Alinifundisha kutumia vyote viwili, akaniongezea makatazo: usitaje jina la mmea kabla hujaona ua lake, na usitie mdomoni usichokijua. Halafu alikuwa na neno lake moja alilolirudia kila wiki mpaka likanichosha.

"Muntu akikuonyesha mumea, usikimbilie majani. Uliza kwanza: mbegu ilitoka kwa nani?"

Niliona ni maneno ya uzee. Shuleni hatukufundishwa kuuliza watu. Tulifundishwa kuhesabu petali.

Nilipewa mzunguko wa uwanda wa Bugarama, hasa Muganza. Mnaujua: mpunga, migomba, joto, na vumbi jeupe la malori ya kiwanda cha saruji juu ya kila kitu cha kijani. Kutambua mmea Muganza huanza kwa kuupangusa. Wakati huo vita ya pili ya Kongo ilikuwa imeanza ng'ambo. Siku nyingine mpaka ulifungwa, siku nyingine ulifunguliwa, na kila familia ilikuwa na mtu aliyerudi na mtu ambaye hajarudi. Wa kundi la pili hawakutajwa mbele ya mfanyakazi wa serikali. Mimi nilijiona bwana shamba tu, lakini kofia yangu ilikuwa na nembo, nao walikuwa wanatazama nembo.

Daforoza alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mlimaji wa mpunga, anaishi peke yake kwenye kiwanja kilichopakana na cha shemeji yake. Nilipita kwake kukagua migomba. Nyuma ya nyumba nikaona mashina manane yamenifika kifuani. Yalikuwa na rangi kati ya kijani na nyekundu, majani yamegawanyika vidole vitatu vitatu, hivi kwamba ukiwa mbali ungedhani ni muhogo uliokosa adabu. Nilisugua jani vidoleni: halina harufu. Nikavuta ganda la shina: lina nyuzi imara, kama za pamba. Ukoo niliuhisi, ni ule wa pamba na bamia. Jina sikulijua.

"Maman, hii ni nini?"

"Siyuwe, Agronome. Pengine ndege njo balileta."

Nilitazama mashina. Yalikuwa kwenye mstari mmoja, kati ya shina na shina hatua moja, sawasawa.

"Ndege hao walipima kwa kamba?"

Aliinama kuokota kitu ambacho hakikuwapo. Mimi nikafungua daftari nikaandika: asili, ndege. Daftari hilo bado ninalo, na ukurasa huo huwa siupendi.

Tulikuwa na waraka wa ofisi siku zile. Mbegu za msaada zilikuwa zimeleta magugu kutoka nchi za mbali, kwa hiyo kila mmea usiojulikana ung'olewe na kuchomwa. Waraka huo niliusoma mwenyewe mbele ya watu, kwa sauti, mara mbili. Lakini mmea wa Daforoza niliuacha. Sikuuacha kwa huruma, niliuacha kwa udadisi. Nilibana tawi moja kwenye mbao za Gaspari, nikalipeleka kwenye taasisi ya utafiti kule kusini kwa gari la posta. Baada ya majuma saba wakajibu kwa mstari mmoja: leta ua na tunda. Gaspari aliposoma barua alicheka mpaka akakohoa, kwa sababu hilo alikuwa ameniambia bure, bila stempu.

Basi nikangoja ua. Nilikuwa napita kila juma, napima urefu, naandika. Daforoza alikuwa ananiletea kigoda, anasimama kando, ananitazama ninavyotazama. Mara mbili alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha akaniuliza habari za migomba. Nilimjibu habari za migomba.

Mmea ulikuwa ndiyo kwanza umetoa vitumba ilipofika Jumamosi ya umuganda. Kazi ya pamoja siku hiyo ilikuwa kufyeka vichaka karibu na nyumba, kufukuza mbu. Wanawake wengi walipelekwa mfereji wa mpunga, Daforoza akiwa mmoja wao. Kikosi cha kufyeka kiliongozwa na shemeji yake, Anastazi, mpasua mawe wa machimbo ya saruji, mtu mpole ambaye mikono yake haikuwahi kutakata vumbi. Mimi nilikuwa barabarani naandika waliohudhuria. Nikasikia kelele.

Nilipofika, mashina sita yalikuwa chini. Daforoza alikuwa amekimbia kutoka mferejini, miguu yake tope tupu, amesimama mbele ya mashina mawili yaliyobaki, mikono ameitanua. Anastazi alikuwa na panga mkononi na aibu usoni.

"Agronome, si wewe ulisema majani yenye haiyulikane bakate?"

Ni kweli, nilisema.

"Lakini haiko juu ya mbu," Anastazi aliendelea, akimgeukia shemeji yake. "Umwambie. Umwambie juu ya nini ulipanda. Miaka mbili tunatafuta siku ya matanga ya mudogo yangu. Tukitaja siku, wewe unashika jembe."

Ninyi mliozaliwa mjini huenda hamjui, kwa hiyo naeleza. Kwetu, nyumba iliyofiwa haitii mbegu ardhini mpaka matanga yaondolewe. Jembe hulazwa. Anayepanda ametangaza mbele ya watu wote kwamba kwake hakuna maiti. Daforoza alikuwa amepanda mbegu asizozijua, kwa mstari ulionyooka, mahali ambapo ukoo mzima wa mumewe utaziona. Mimi peke yangu ndiye niliyedhani tunazungumza habari za kilimo.

Ndipo Daforoza aliposema, akiwa bado ametanua mikono. Mumewe aliitwa Sezari. Walikimbilia Kongo pamoja, wakakaa kambini upande wa Bukavu. Siku kambi zilipovunjwa, Daforoza alikuwa ameenda kuteka maji. Umati uligawanyika. Yeye alisukumwa kuelekea daraja la mpakani, akarudi nyumbani. Sezari alisukumwa upande wa msitu. Miaka miwili hakuna neno. Kisha siku moja, yeye akiwa shambani, mtu aliyekuwa anarudi kutoka Kongo alipita, akaacha kwa jirani kifundo cha kitambaa, akasema: ya bwana yake, apande. Akaenda zake. Jirani hakumuuliza ametoka wapi.

"Sezari hajue kuandika," alisema Daforoza. "Lakini hii kifundo ni yake. Mafundo tatu. Vile alikuwa anafungaka mbegu ya maharagi."

Alinitazama mimi, si Anastazi.

"Barua yangu njo hii. Wewe ulisoma, Agronome. Uniambie hii mumea inaotaka wapi."

Anastazi alishusha panga. Alikuwa mtu wa haki, na hapo alisema jambo la haki. Kama ni mmea wa hapo karibu, wa Bukavu au wa Uvira, basi Sezari alimpa mtu mbegu siku zile zile za mwanzo, akafa njiani na wengine, na familia imlilie kama watu wanavyolilia watu wao. Kama ni wa mbali, basi alifika mbali, naye Anastazi hatataja tena matanga. Watangoja jibu langu mpaka mavuno ya mpunga.

Nilipanda pikipiki nikiwa nimekasirika, na aliyenikasirisha nilikuwa mimi. Nilimkuta Gaspari kitaluni anamwagilia, nikamweleza yote. Nilitaka anifariji. Hakuacha kumwagilia.

"Miezi ngapi ulienda pale?"

"Mitatu."

"Na haukumuuliza."

"Aliniambia ni ndege, Mzee."

"Ungevua ile kofia."

Kisha akanionea huruma kidogo. Akasema taasisi itajibu ikipenda, lakini watu wanaokula majani wapo sokoni kila asubuhi, na hawahitaji ua. Niende Kamembe, wanakopita akina mama wa Bukavu na bidhaa zao.

Nilikata tawi kutoka shina moja kati ya yale mawili, lenye ua lililofunguka asubuhi ile. Lilikuwa la manjano hafifu, na jicho jekundu la giza katikati. Nililifunga kwa gazeti bichi, nikazunguka nalo soko la Kamembe kama mtu anayeuza jogoo mmoja. Wauza samaki walitikisa kichwa. Wauza dawa za kienyeji walilijua wote, kila mmoja kwa jina tofauti na ugonjwa tofauti. Karibu na adhuhuri nikafika kwa Maman Noela, mfanyabiashara wa vitenge aliyevuka kutoka Bukavu kila siku ambayo mpaka ulifunguliwa. Alikuwa mama mnene mwenye kicheko, na marehemu mumewe alikuwa karani kwenye meli za mto Kongo. Kabla sijamaliza salamu alikuwa amechuma jani akalitia mdomoni.

"Maman, tema! Utakufa!"

Alitafuna, akafumba macho.

"Nitakufa na njaa ya samaki tu, mutoto yangu. Hii ni ngaingai! Ulipata wapi ngaingai?"

Nilitafuna na mimi, nikivunja katazo la Gaspari mbele ya soko zima. Ilikuwa chachu, kama limau lililojificha ndani ya mchicha.

"Iko Bukavu?"

"Bukavu? Wakati tulihamia pale niliitafuta mu soko yote. Nililia juu yayo."

"Uvira?"

"Apana. Hii ni chakula ya mto. Kisangani, na kushuka, mpaka kwetu Mbandaka. Kule tulikuwa tunakulaka kila siku."

Ofisini tulikuwa na ramani ukutani, moja ya vitu vichache ambavyo havikuwaka vizuri. Jioni ile niliweka kidole gumba juu ya Muganza nikatanua kiganja changu chote kuelekea kaskazini-magharibi. Kidole kidogo hakikufika Kisangani. Katikati yote palikuwa pamepakwa kijani, ni msitu. Nilisimama pale na mkono ukutani kwa muda, nikifikiria miguu ya mtu ambaye sijawahi kumwona.

Nilirudi kwa Daforoza siku iliyofuata, nikavua kofia, nikaomba Anastazi aitwe. Nikawaambia jina la mmea, nani alilitambua, na unakoota. Anastazi alirudia jina la mto polepole. Daforoza hakushangilia. Aliniuliza swali la kilimo, la kwanza la kweli tangu nimjue.

"Tangu mbegu mpaka mbegu, ni miezi ngapi?"

"Mitano. Sita hivi."

Alihesabu kwa vidole, midomo inacheza.

"Basi alikaa pahali. Muntu mwenye kukimbia hangojake mbegu ikauke."

Hilo sikuwa nimelifikiri, mimi mwenye diploma. Lilikuwa sahihi kabisa. Ili kuvuna mbegu zile ilibidi mtu akae mahali pamoja nusu mwaka, apate maji, apate nguvu ya kuinama, na aamini kwamba kesho atakuwapo. Anastazi alivua kofia yake ya machimboni, akaipiga gotini, vumbi likapanda. Alisema matanga hayapo. Nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi kuliko siku niliyopewa ajira.

Kabla sijaondoka Daforoza alichuma majani machanga akayapika na sambaza, wale dagaa wa Kivu. Tulikula watatu kutoka sahani moja. Anastazi alikunja uso kwa uchachu. Daforoza alikula taratibu, akasema kama anazungumza na chungu: "Sasa ninajua anakulaka nini."

Taasisi niliipelekea ua na tunda, ikajibu miezi miwili baadaye. Walilipata jina la Kilatini, wakalipigia mstari, wakaniomba siku nyingine nifunge sampuli vizuri zaidi.

Kuhusu kuotesha ngaingai, andikeni haya. Lowesha mbegu tangu jioni. Panda baada ya mvua ya pili, usidanganywe na ya kwanza. Shina likifika gotini kata ncha, litatoa matawi. Nyunyiza majivu kwa ajili ya wadudu. Mashina mawili usiyaguse kabisa, yaache yatoe mbegu. Haya yote sikuyajua mimi. Niliyaona kwa Daforoza, msimu baada ya msimu, kwa maana alipanda kila msimu, na safari hii hakuna aliyefyeka.

Alianza kuuza majani yake sokoni Bugarama. Nilimshauri vibaya hapo. Nilimwambia auze mchicha, watu wa hapa hawatanunua majani machachu. Alinijibu kwamba anajua hawatanunua. Ilinichukua soko zima kuelewa. Watu wetu walipita meza yake bila kugeuza shingo. Aliyesimama, akalitaja jani kwa jina lake, huyo alikuwa amelila huko kwenye mto Kongo. Walikuwa wachache: mama aliyerejea na watoto wengine si wale aliokwenda nao, mwanajeshi aliyekuwa likizo, mzee aliyetembea mpaka mtoni na kurudi. Kila mmoja alipewa fungu bila kulipa, kisha akaulizwa swali moja. Mtu mrefu, wa Muganza, anafunga mbegu kwa mafundo matatu. Wengi walisema hapana. Mmoja alisema labda. Daforoza alirudi nyumbani na labda hiyo, akapanda.

Hivyo ilikwenda misimu mingi. Gaspari alifariki katikati yake, akaniachia lupe. Ng'ambo walisaini amani, wakapigana, wakasaini tena. Nilikuwa nikipita kwa Daforoza kila mwezi wa tisa, mvua zinapoanza, na siku zote nilikuta kitalu kimelimwa na kamba imenyooshwa.

Mwaka ule nilichelewa kidogo. Mvua ilikuwa imenyesha mara tatu. Niliegesha pikipiki, nikaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kama nilivyozoea, na kitalu kilikuwa kigumu, mabua ya zamani bado yamesimama. Jembe lilikuwa limelazwa chini ya ukuta. Nikarudi mbele nikaona nilichopita bila kukiona: Anastazi kwenye kigoda, majirani kwenye mkeka.

"Juma yenye imepita," Anastazi aliniambia kwa sauti ya chini, "muntu moja alisimama ku meza yake. Walikaa nyumba moja na Sezari."

Gaspari alinifundisha kuuliza, na maswali nilikuwa nayo mengi: wapi, lini, kwa nini. Lakini nilivua kofia nikakaa kwenye mkeka. Nilihuzunika kama niliyefiwa na ndugu, ingawa nilichokijua cha Sezari kilikuwa mstari mmoja wa mashina manane.

Daforoza alitoka ndani. Alinisalimia, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, zote kwa utaratibu. Kisha akanipa kifundo cha kitambaa. Nilikipapasa: mafundo matatu.

"Panda kwako, Agronome. Isipotee. Hii msimu, mi sitapanda."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nyumbani kwangu nilikuwa nimeshalima.